Unahama nyumba ya kupanga Tanga? Tenganisha uchakavu na uharibifu kabla dipoziti haijaliwa

Nimepanga nyumba tatu hapa Tanga, ya kwanza Chumbageni, ya pili Mikanjuni, ya mwisho Sahare karibu kabisa na bahari, na miaka hii minne mie ndo namsimamia mama yangu vyumba vyake vya kupangisha pale Makorora. Kwa hiyo dipoziti nimeshaidai na nimeshaikata pia, najua maumivu ya pande zote mbili.

Ile ya Sahare ndo iliyonifundisha. Nilitoa dipoziti laki 3, nikakaa miaka miwili na ushee, kodi sikuchelewesha hata mara moja. Siku ya kuhama baba mwenye nyumba akaja na daftari: grili za madirisha zina kutu, rangi imebanduka chini ya ukuta, nyavu za mbu zimekatika, bawaba za mlango wa uani zimegoma. Akajumlisha pale pale akasema laki 3 haitoshi, niongeze elfu 40. Mie sina picha hata moja, sina karatasi zaidi ya mkataba, nikaondoka mikono mitupu na ile elfu 40 nikawa nasumbuliwa nayo kwenye simu mwezi mzima. Nikija kufikiria baadae, katika yale yote aliyoyaandika hakuna hata moja nililolifanya mie, kutu na magamba ya rangi vimeletwa na bahari ambayo ipo pale kabla yangu na kabla ya nyumba yenyewe. Basi nimeandika hatua kwa hatua nikilenga mtu anayehama, ila hata kama ndo kwanza unaingia soma tu, maana kazi nyingi ni ya siku ya kwanza.

Kwanza elewa unadaiwa nini

Uchakavu ni kile ambacho kingetokea hata angekaa hapo mtu mwangalifu kuliko wote. Jua, unyevu, chumvi, miguu ya watu kupita, mlango kufunguliwa na kufungwa kila siku. Uharibifu ni kile kilichotokea kwa sababu mtu kafanya jambo au kaacha kufanya jambo alilopaswa kulifanya. Dipoziti inashika huo uharibifu, pamoja na kodi na bili ulizoacha hujalipa. Uchakavu ni gharama ya mwenye nyumba, ndo maana unamlipa kodi.

Na hii sio huruma, ni sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inapoeleza wajibu wa mpangaji inasema arudishe jengo katika hali aliyolikuta, ila inaachilia madhara yanayotokana na uchakavu wa kawaida. Tatizo letu ni kwamba hatuna chombo cha kutunza hizo dipoziti. Kule Uingereza, upande wa England na Wales, tangu 2007 nyumba nyingi za kupanga mwenye nyumba analazimika kuiweka dipoziti kwenye mfumo maalumu wa kuilinda, mkigombana kuna mtu wa kati anaangalia picha na karatasi ndo anaamua. Hapa kwetu hela anakaa nayo mwenyewe, na ukweli ambao wapangaji wengi hawaufikirii ni kwamba mara nyingi hiyo hela haipo tena, ilishaenda kwenye saruji au ada ya mtoto mwezi ule ule uliyoitoa. Mtu anapokuandikia makato ya ajabu ajabu sio kila mara ni roho mbaya, wakati mwingine anatafuta njia ya kutorudisha hela asiyokuwa nayo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nasisitiza notisi ya mapema huko chini.

Siku ya kuingia (au leo, kama hukufanya)

Kabla hujaingiza hata godoro, piga video ya nyumba nzima mchana madirisha yakiwa wazi, usiikimbize simu. Halafu piga picha za karibu: kila kona ya chini ya ukuta, kila dirisha grili na wavu wake, silingi, sinki, choo, vitasa, taili zenye ufa, swichi na soketi, namba kwenye mita ya maji. Zitume kwa mwenye nyumba WhatsApp siku hiyo hiyo na uandike "Shikamoo baba, hii ndo hali ya nyumba niliyoikuta leo." Meseji ina tarehe, na yeye kaipokea, hiyo ni kubwa kuliko picha mia zilizolala kwenye simu yako mwenyewe.

Kwenye mkataba, ile karatasi tunayonunua duka la steshenari au anayokuja nayo dalali mara nyingi inasema mpangaji atarudisha nyumba katika hali nzuri kama alivyoikuta, nukta. Omba yaongezwe kwa kalamu maneno "isipokuwa uchakavu wa kawaida", wote mtie saini pembeni. Andikeni pia dipoziti ni shilingi ngapi, ni ya nini, na itarudi ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhi funguo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo mambo mengi ya pango siku hizi yanasimama kwenye hicho mlichoandikiana, karatasi yako usiichukulie kama urembo.

Kama uliingia kienyeji bila picha, piga leo. Haitaonyesha ulichokikuta lakini itaonyesha hali ilivyokuwa miezi sita kabla hujahama, na kama rangi ilianza kubanduka toka sasa hakuna atakayesema umeibandua siku ya kufunga mizigo.

Wakati unaishi humo, ripoti

Hili watu wengi linawaangusha. Bati likivuja na silingi ikalowa, hilo ni la mwenye nyumba. Lakini ukinyamaza masika nzima, kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5, silingi ikaoza ikadondoka, ana haki ya kukuuliza mbona hukusema. Meseji moja inatosha, "mama shikamoo, chumba cha watoto silingi inavuja upande wa dirisha, naomba fundi aje aangalie", na usiifute. Akija asije, wewe umeshatoka kwenye lawama. Bomba linalovuja chini ya sinki vivyo hivyo.

Notisi

Angalia mkataba, mara nyingi ni mwezi mmoja. Ukiweza toa na zaidi, na kwenye hiyo hiyo notisi taja dipoziti kwa jina na kiasi, mwenye nyumba apate muda wa kuitafuta hela au kuipata kwa mpangaji anayekuja. Kuna wanaosema bora nisilipe kodi ya mwezi wa mwisho ikatwe kwenye dipoziti. Mkikubaliana kwa maandishi sawa kabisa, na mie nikiwa msimamizi huwa nakubali kama nyumba nimeshaikagua na iko vizuri. Ila ukijiamulia mwenyewe umemgeuza anayedaiwa kuwa wewe, na hata haki yako ya uchakavu hakuna atakayekusikiliza vizuri.

Zunguka nyumba mwenyewe kabla yake

Hii ndo hatua yenyewe. Wiki mbili kabla ya kuhama chukua daftari uzunguke chumba kwa chumba, kila kasoro uiandike halafu pembeni uweke: nilikikuta, uchakavu, au ni mimi. Uwe mkweli, mana ukikubali cha kwako hata ukikataa cha bahari unaaminika.

Kuta. Tanga ukuta unaobanduka rangi kuanzia sakafuni kwenda juu, wakati mwingine mpaka usawa wa kiuno, huo mara nyingi ni unyevu na chumvi. Tofali zinafyonza maji ya ardhini, maji yanapanda na chumvi yake, yakifika juu ya lipu yanakauka, chumvi inabaki inasukuma lipu na rangi kwa nje mpaka vinatoka magamba. Msingi ukijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, au ukitumika mchanga wa baharini, ndo balaa zaidi. Kwaruza kwa kucha, ukiona unga mweupe na mstari wa unyevu unafuata ukuta wote, huo ni ujenzi na mahali, mpangaji hahusiki. Hata ukipaka rangi juu yake baada ya miezi michache inabanduka tena, kwa hiyo anayekukata hela ya rangi hapo anakulipisha kazi ambayo haitakaa. Rangi kufifia kwa jua, alama hafifu nyuma ya kabati, kichafukichafu pembeni ya swichi, uchakavu. Matundu madogo ya misumari ya kalenda na picha, mie nayaweka uchakavu. Matundu ya drili ya stendi ya TV, michoro ya kalamu za watoto, mafuta ya kukaangia samaki yaliyorukia ukuta wa sebule kwa sababu jiko lilikuwa sebuleni, hayo yako. Moshi wa mkaa kwenye silingi pia ni wako, labda kama hicho chumba ulikodishiwa kama jiko la mkaa toka mwanzo. Ukungu mweusi nyuma ya kabati ni mtihani kidogo: kama chumba hakina dirisha la kupitisha hewa ni nyumba, kama ulikuwa unaanika nguo mbichi ndani na dirisha umelifunga mwaka mzima, kubali.

Chuma. Hapa nitasema sana kwa sababu ndo pananiuma. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta unyevu na inaharakisha kutu, kwa hiyo grili ya Sahare au Raskazone inaliwa na kutu haraka kuliko ya mtu aliyeko Kange au Pongwe, mbali na bahari. Kinachozuia ni rangi ya kuzuia kutu kupigwa kabla ya rangi ya juu na kurudiwa kila baada ya muda, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Bawaba, komeo, geti, miguu ya simtanki ya chuma, vyote hivyo. Utadaiwa grili ukiipinda au ukiikata, ukining'iniza kitu kizito mpaka ikang'oka ukutani.

Nyavu za mbu: ukiugusa wavu ukawa unakatika wenyewe kwa vipande vidogo, umekufa kwa jua na chumvi. Ukiwa na tundu moja kubwa na kwingine mzima, paka au mtoto kapita hapo, lipa wavu wa dirisha hilo moja.

Taili. Kuna taili zikigongwa zinalia mtupu na zinajiinua zenyewe, hizo fundi hakuzilaza vizuri. Lakini kule Makorora tulikuwa na kijana mpole sana na mkewe, wanatwanga kisamvu kwa kinu juu ya taili za jikoni, wameondoka taili tatu zimepasuka nyota nyota pale pale kinu kinapokaa. Hilo halina ubishi, na yeye mwenyewe hakubisha maana picha za siku anaingia anazo na mie ninazo. Tulimkata taili tatu na ufundi wake, hatukumkata sakafu nzima ya jiko.

Vitasa: springi kuchoka ni uchakavu, funguo kupotea ni wewe, kitasa hicho kimoja. Pangaboi linalozunguka taratibu kapasita imechoka, sio wewe, panga lililopinda kwa kuanikia nguo ni wewe. Koki inayodondosha matone ni mpira umeisha. Choo kilichoziba kwa pedi au vitambaa, lipa. Karo la choo kujaa ni matumizi, hilo mnafuata makubaliano yenu na wapangaji wenzio, lisiingizwe kwenye dipoziti yako peke yako.

Tengeneza vidogo kabla hajaviona

Tundu la drili unaziba kwa puti kidogo, balbu zilizoungua unarudisha, sinki unalisugua, uani unafyeka. Unapofanya mwenyewe unalipa bei ya dukani, akifanya yeye utalipa bei ya fundi wake pamoja na nauli ya fundi. Ila rangi usikurupuke. Ukipaka kiraka cha rangi isiyofanana umetengeneza kasoro ambayo haikuwepo, na hapo sasa ataidai kwa haki. Usafi fanya wa kweli, hasa jiko na choo, nyumba ikinuka vizuri hata ukaguzi unakuwa mpole, hilo nimeliona mara nyingi.

Piga hesabu kwa umri wa kitu

Hata pale kosa ni lako, hulipi kitu kipya kwa kitu cha zamani. Ulikuta rangi ina miaka mitatu, umeichafua, huwezi kumnunulia rangi mpya kabisa kana kwamba ile ilikuwa ya jana. Tuseme sebule ilipakwa rangi mpya ulipoingia kwa sh 240,000 pamoja na fundi, na mmekubaliana rangi ya ndani inaishi miaka 4. Umekaa miaka 3. Uhai uliobaki ni robo, yaani sh 60,000 kwa sebule nzima. Mwanao kachora ukuta mmoja kati ya minne, basi ni sh 15,000. Mwenye nyumba akikuambia 240,000 usigombane naye, mwandikie hesabu hiyo mbele yake polepole, wengi wakiiona kwenye karatasi wanashuka. Hiyo miaka 4 ni makubaliano tu, ukuta unaotazama bahari inaweza kuwa miwili, cha muhimu ni kwamba umri wa kitu uhesabiwe.

Taili ni tofauti kidogo kwa sababu inaishi miaka mingi, hapo utalipa karibu bei yake yote. Na dukani huwa wanauza boksi. Kama mwenye nyumba hana akiba basi boksi litanunuliwa, na zitakazobaki ni bora mgawane gharama maana zinabaki kwake. Zikikosekana za rangi ile hilo sio sababu ya kukulipisha sebule nzima.

Siku ya kukabidhi

Iwe mchana, vitu vikiwa vimeshatoka, na mwenye nyumba awepo yeye au mtu aliyemtuma kwa meseji. Muombe mjumbe wa mtaa aje, hata nusu saa, na umpe heshima yake kwa kumwambia mapema. Mnazunguka na daftari lako na picha za mwanzo, kila chumba mnaandika mlichokubaliana na msichokubaliana. Msilazimishane kukubaliana yote pale, yale ya ubishi yaandikwe kama ya ubishi. Picha za kuondoka zipigwe pembe zile zile za siku ya kuingia.

Soma mita ya maji, lipa bili ya Tanga Uwasa mpaka siku hiyo na risiti uionyeshe, hela ya taka na ulinzi pia. Kwenye LUKU kuna jambo watu wanalisahau: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kidogo kidogo kila mwezi ukinunua umeme. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye jengo. Kama mita ilikuwa yako peke yako na mkataba hausemi kwamba hiyo ni juu yako, jumlisha miezi uliyokatwa kutoka kwenye meseji za LUKU na uiweke kwenye hesabu upande wa kwako. Nyumba ya kawaida ilianza kwa sh 1,000 kwa mwezi, unaona ni ndogo lakini kwa miaka miwili inamaliza kesi ya kitasa.

Funguo zikabidhiwe na iandikwe ni ngapi na tarehe gani. Usizishikilie funguo ili ulipwe, ukibaki nazo atasema bado upo na kodi inahesabiwa.

Akikaa kimya au akikata usichokubali

Andika meseji ya heshima yenye namba. Hii ni mfano, badilisha ya kwako:

"Shikamoo mama. Nilikukabidhi funguo 4 Jumamosi mbele ya mjumbe. Dipoziti yangu ni sh 300,000. Nakubali kukatwa taili 2 na kitasa cha chumbani, jumla sh 48,000. Kutu ya grili na rangi iliyobanduka chini ya ukuta siikubali kwa sababu ni uchakavu wa kawaida, picha za siku naingia nilikutumia. Naomba sh 252,000 iliyobaki kabla ya tarehe 15. Kama kuna kitu kingine naomba uniandikie kimoja kimoja na bei yake na risiti ya fundi."

Hayo makato ya jumla jumla, "matengenezo laki 2", usiyapokee. Fundi gani, kafanya nini, vifaa bei gani. Na kama mwenye nyumba anasema hela hana, mpe nafasi ya kulipa mara mbili kwa tarehe zilizoandikwa, mie naona ni bora kuliko kugombana na mtu mzima mpaka majirani watoke nje.

Ikishindikana nenda serikali ya mtaa, mwenyekiti atawaita wote wawili, na hapa Tanga kesi nyingi za namna hii zinaishia hapo hapo kwenye benchi la ofisi ya mtaa. Baada ya hapo ni baraza la kata. Ujue tu tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu, likishindwa ndo mnaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla hujafika huko mtafute msaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawakudai hela, akuangalizie karatasi zako na akusaidie kuandika. Kwa dipoziti ya elfu 80 pima nauli na siku za kazi utakazopoteza, kwa laki 6 nenda.

Hela ikiingia, hata ikija nusu, andika umepokea kiasi gani, tarehe gani, kimebaki nini. Ikikamilika mwandikiane kwamba hamdaiani, kila mtu abaki na nakala yake, halafu picha na meseji zihamishie mahali ambapo simu ikiibiwa hazipotei na uzitunze angalau mwaka mmoja, maana mie ile elfu 40 ya Sahare niliendelea kupigiwa simu hata baada ya kuhamia kwingine.